Ufunguo anao nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu riwaya za gothiki

Gothiki ni nini hasa? Si wale vijana wanaovaa nguo nyeusi na kupaka wanja mzito?

Hao ni vitukuu wa mbali. Wagothi wenyewe walikuwa watu wa Ulaya ya kale walioiteka Roma mwaka 410. Karne nyingi baadaye wasomi wa Italia waligeuza jina hilo kuwa tusi: majengo ya zama za kati yenye matao yaliyochongoka na minara mirefu waliyaita ya Kigothi, yaani ya kishenzi.

Mwaka 1764 Mwingereza mmoja tajiri, Horace Walpole, aliyekuwa amejijengea nyumba ya mtindo huohuo huko Twickenham karibu na London, alitoa riwaya fupi iitwayo *The Castle of Otranto*. Aliwadanganya wasomaji kuwa ni tafsiri ya maandishi ya zamani ya Kiitaliano. Ilipopendwa, katika toleo la pili la 1765 alikiri kwamba ni yake na kuiita "hadithi ya gothiki". Jina likashika: hadithi za kutisha za ngome, siri na mizuka zikaitwa gothiki.

Kisa chenyewe ni hiki. Manfred, mtawala wa Otranto, anamwoza mwanawe. Siku ya harusi kofia ya chuma, kubwa kuliko kiasi cha binadamu, inaanguka na kumponda bwana harusi. Manfred halii sana. Anaamua kumtaliki mkewe ili yeye mwenyewe amwoe yule bibi harusi na apate mrithi mwingine. Msichana anakimbilia njia ya chini ya ardhi. Mwishowe inabainika kuwa babu yake Manfred alimpa sumu mwenye mali halali. Ukiondoa kofia na mizuka, unabaki na kesi ya mirathi.

Hiyo ndiyo rai yangu katika majibu yote yanayofuata, na unaweza kuipinga: katika riwaya hizi usianze kumtafuta mzuka. Anza kuuliza nyumba ni ya nani, ilipatikanaje, na ufunguo anao nani.

Kama shida ni mali, mizuka ya nini?

Kwa sababu mambo ya mali hayakusemeka waziwazi mezani, ila ya mizuka yalisemeka.

Chukua *The Mysteries of Udolpho* ya Ann Radcliffe, iliyotoka 1794. Mchapishaji alimlipa pauni 500, pesa nyingi sana kwa mwandishi wa enzi ile, tena mwanamke. Msichana yatima, Emily, yuko chini ya ulezi wa shangazi yake. Shangazi anaolewa na Montoni, bwana mwenye madeni, anayewapeleka wote kwenye ngome milimani Italia. Humo mna sauti usiku, mna pazia jeusi ambalo Emily analifunua na kuzirai. Lakini Montoni anatafuta kitu kimoja tu: saini. Anataka shangazi amwandikie mashamba yake. Shangazi anakataa, anafungiwa mnarani, anaugua, anafariki. Halafu zamu ya Emily inafika.

Jambo ninalolikumbuka kuliko pazia ni mlango. Chumba alichopewa Emily kina mlango wa pili, na makomeo ya mlango huo yako upande wa nje. Yeye hawezi kuufunga. Wengine wanaweza kumfungulia au kumfungia wakitaka. Radcliffe hakuhitaji kuongeza jini hapo.

Kumbuka pia sheria ya Uingereza wakati ule: mwanamke akiolewa, mali yake kwa kawaida iliingia mikononi mwa mume. Hali hiyo haikubadilishwa sawasawa mpaka sheria ya mwaka 1882. Wasomaji wengi wa Radcliffe walikuwa wanawake, na walijua Emily anaogopa nini.

(Ushauri wa bure: Radcliffe ana kurasa na kurasa za maelezo ya milima na machweo. Mimi niliziruka nyingi, na sikupotea njia.)

Haya yana uhusiano gani na maisha ya leo? Hatuishi kwenye ngome.

Wengi hawaishi kwenye ngome, ila wanaishi kwenye nyumba ambayo mtu mmoja anashika simu za wote, nywila za wote na kadi ya benki ya mwenzake.

Lile neno "gaslighting" linalozunguka mitandaoni, yaani kumfanya mtu atilie shaka akili zake mwenyewe, limetoka katika mchezo wa kuigiza wa Patrick Hamilton ulioonyeshwa London mwaka 1938, na filamu ya 1944 ikalitangaza zaidi. Mume anapanda kwa siri ghorofa ya juu kutafuta vito. Akiwasha taa za gesi kule juu, za chini zinafifia. Mke anaziona zikififia, mume anamwambia hakuna kitu, ni kichwa chako. Mchezo huo ni mtoto halali wa gothiki: nyumba, mume, ghorofa ya juu, mwanamke anayeambiwa haoni anachokiona. Mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ililichagua kuwa neno la mwaka. Na mwaka 2015 sheria ya Uingereza na Wales ilifanya kosa la jinai kumdhibiti na kumtisha mwenza mfululizo, hata bila kumpiga. Radcliffe alikuwa ameshaieleza tabia hiyo zaidi ya miaka 200 kabla ya sheria kuipatia kifungu.

Ukitaka mfano mfupi na mkali, soma *The Yellow Wallpaper* ya Mmarekani Charlotte Perkins Gilman, 1892. Mwanamke aliyejifungua karibuni anaumwa huzuni. Mumewe ni daktari, anampenda, na anamwagiza apumzike, asiandike, akae chumba cha juu chenye nondo madirishani. Anabaki kuiangalia karatasi ya ukutani hadi anamwona mwanamke nyuma ya michoro, anahangaika kutoka. Gilman mwenyewe alipewa tiba ya namna hiyo mwaka 1887, ikakaribia kumpoteza akili. Kinachotisha ni kwamba mume si mbaya. Ni mpole, ana uhakika, na hasikilizi.

Frankenstein ndiye lile jitu, sivyo?

Sivyo. Victor Frankenstein ndiye kijana msomi aliyeliunda. Kiumbe chenyewe hakina jina, na hilo si usahaulifu wa mwandishi. Aliyekiumba alikikimbia usiku uleule kilipofumbua jicho, hata jina hakukipa.

Vyuma shingoni na kukoroma ni mambo ya sinema ya 1931. Katika kitabu kiumbe kinazungumza kwa ufasaha kuliko karibu kila mtu. Kilijifunza lugha kwa kujificha kwenye kibanda na kusikiliza familia ya jirani kupitia ukuta. Kilisoma mwanahistoria Plutarch na mshairi Milton. Siku kilipojipa moyo kubisha hodi, mzee kipofu wa nyumba ile alikikaribisha vizuri, wakazungumza. Wenye macho waliporudi wakakipiga.

Mary Shelley alianza kuiandika Juni 1816, akiwa na miaka 18, karibu na Geneva, Uswisi. Volkano ya Tambora, Indonesia, ilikuwa imelipuka Aprili 1815, na majivu yake yaliharibu majira ya Ulaya mwaka uliofuata: mvua, baridi, mazao yakaharibika. Wageni katika nyumba ya kupanga ya mshairi Byron walikwama ndani, na Byron akapendekeza kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Kitabu kikatoka Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Watu wakadhani ni cha mwanamume.

Wanaosema ni hadithi ya sayansi tu husahau kwamba mamake Mary alifariki siku chache baada ya kumzaa, na kwamba mwaka 1815 Mary alimpoteza mtoto wake wa kwanza akiwa mchanga kabisa. Kitabu kimejaa maswali ya mzazi: nani anamlea aliyezaliwa, na anayekataliwa anakuwa mtu wa namna gani?

Ndiyo maana kinatajwa kila inapozungumzwa akili mnemba?

Ndiyo, ingawa mara nyingi kinatajwa vibaya. Watu husema funzo lake ni "usicheze na sayansi". Hilo halipo. Victor hakosei kwa kutengeneza. Anakosea baada ya kutengeneza: anakwenda kulala, anaugua, anajifanya hakuna kilichotokea, na kiumbe kinapoua mdogo wake, anamwacha Justine, mtumishi asiye na hatia, anyongwe huku yeye anajua ukweli na amefunga mdomo. Anaogopa kuonekana mwendawazimu.

Kwa hiyo kampuni inapotoa mfumo wa kompyuta unaowanyima watu mikopo au kuwatambua vibaya kwa sura zao, kisha ikasema "mashine imeamua," swali la kigothiki ni lile la Justine: nani anabeba gharama ya ukimya wa mtengenezaji? Si swali la kama mashine itaamka usiku.

Na Dracula? Meno, popo, jeneza... kuna la kujifunza pale?

Lipo, na linashangaza jinsi lilivyo la ofisini. *Dracula* ya Bram Stoker, Mwairlandi, ilitoka Mei 1897. Inaanza na mwanasheria kijana, Jonathan Harker, anayesafiri kwenda Transylvania kukamilisha ununuzi wa nyumba huko Uingereza. Yaani ni shughuli ya dalali! Mwenyeji wake, Dracula, ambaye ndiye mnunuzi, anamwambia aende popote ndani ya ngome isipokuwa palipofungwa. Harker anazunguka na kukuta milango, milango, milango, yote imefungwa.

Dracula ana vitabu na ramani za Uingereza, na anamwomba Harker amsahihishe matamshi. Hataki mtu London asimame akisikia lafudhi yake na kujua ni mgeni. Aliyewahi kuishi ughaibuni ataielewa haja hiyo hata kama hanywi damu. Ndiyo hofu ya Waingereza wa 1897: taifa lililokwenda kuchukua nchi za watu linaota kwamba mtu wa mbali anakuja kwao kununua nyumba.

Kitabu kizima kimeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti na sauti za daktari zilizorekodiwa kwenye fonografu. Anayevikusanya vyote na kuvipiga chapa kwa taipureta ni Mina, mke wa Harker. Ni kama mtu anayehifadhi picha za skrini mpaka ushahidi ukamilike. Halafu wanaume wanamshukuru, wanamwambia sasa apumzike, mambo haya ni mazito kwa mwanamke. Wakati huohuo waliomweka pembeni "kwa usalama wake" ndipo Dracula anapomfikia.

Hivi mnyonya damu wa Ulaya ni sawa na mumiani wetu?

Hapana, ila wanasalimiana. Neno mumiani asili yake ni Kiajemi, lilimaanisha dawa nyeusi kama lami, na linatoka kwenye mzizi mmoja na jina la maiti zilizokaushwa za Misri, ambazo Wazungu nao walizisaga na kuzila kama dawa. Kwetu likaja kuwa dawa iliyodhaniwa kutengenezwa kwa damu ya watu, kisha likawa jina la wanaoitafuta damu hiyo.

Wakati wa ukoloni uvumi ulienea Nairobi na Kampala kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu cha mwaka 2000. Hakushughulika kuthibitisha damu ilinyonywa au la. Aliziangalia kama namna ya watu kueleza kazi, mshahara, gari la serikali na sare, mambo mapya ambayo hawakuyaamini.

Tofauti ni kubwa: Dracula ni mwungwana wa kale mwenye ngome, mumiani ni mtu wa idara mwenye zamu. Lakini tazama lugha yetu. Karl Marx katika kitabu chake cha 1867 aliulinganisha mtaji na mnyonya damu, kwake ikawa tamathali. Kwetu, tangu siku za Azimio la Arusha la 1967, neno la kawaida kabisa ni *unyonyaji*. Tulisema kupe, tukasema mirija ikatwe. Mwanafunzi wa darasa la tano alitamka sentensi ya kigothiki bila kujua.

Kwa nini mwanamke wa darini ni mtu wa makoloni? Si ubaguzi?

Unamzungumzia Bertha Mason wa *Jane Eyre* ya Charlotte Brontë, 1847. Ndiyo, ubaguzi umo. Bertha anatoka Jamaika, Rochester, tajiri anayependwa na Jane, alimwoa akiletewa pauni 30,000 kutoka upande wa mwanamke, na sasa amemfungia ghorofa ya tatu chini ya mlinzi mwenye ufunguo. Katika riwaya nzima hapewi sentensi ya kujieleza. Anacheka, anang'ata, anachoma nyumba.

Mwaka 1966 Jean Rhys, aliyezaliwa Dominica, alijibu kwa *Wide Sargasso Sea*, akimpa mwanamke huyo utoto, jina jingine na sababu. Ni bora kusoma vyote viwili kwa mfuatano. Ukikisoma cha kwanza peke yake utampenda Jane na kumsahau wa juu, kama alivyokusudiwa kusahaulika. Fedha za Jamaika za enzi hizo zilitoka kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Brontë hasemi, lakini kicheko kinasikika kutoka juu ya dari.

Toni Morrison alikwenda mbali zaidi katika *Beloved*, 1987: nyumba namba 124 huko Ohio ina mzuka wa mtoto, na mzuka huo ni utumwa wenyewe umerudi kukaa mezani. Kwangu hiyo ndiyo gothiki kubwa kuliko zote, na sitaki kubishana.

Jekyll na Hyde: mtu mwema na mtu mbaya ndani ya mwili mmoja. Tumeshaelewa, au?

Nusu. Riwaya ya Robert Louis Stevenson ya 1886 haisemi kwamba Jekyll ni mwema. Ni daktari anayeheshimika anayetaka starehe zake bila jina lake kuguswa. Hyde ni akaunti yake ya pili, ile isiyo na picha. Nyumba yake ina mlango wa mbele wa kupendeza na mlango wa nyuma uliobabuka, na Hyde ana ufunguo wa huo wa nyuma. Rafiki yake mwanasheria anaanza kushtuka kwa jambo la kawaida kabisa: wosia. Jekyll ameandika mali yote iende kwa Hyde.

Dini yangu inakataza ushirikina. Nisome?

Hilo ni lako na unayemwamini akushauri. Niseme tu kwamba riwaya hizi hazifundishi uganga wala hazikuombi uamini mizuka. Radcliffe karibu kila mara humalizia kwa kueleza: sauti ilikuwa ya mtu, na kilichokuwa nyuma ya pazia jeusi kilikuwa sanamu ya nta.

Kuna kitu cha namna hii kwa Kiswahili?

Msomaji wa Muhammed Said Abdulla tayari anaijua mbinu ya Radcliffe. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, inaanzia mahali watu wanapopaogopa, halafu mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wanaingia na kufumbua kwa akili. Woga upo, mzimu upo midomoni mwa watu, lakini aliyeua ana mikono. Wengi wanaiita riwaya ya upelelezi, na ni kweli. Upelelezi na gothiki ni ndugu wa tumbo moja: Edgar Allan Poe aliziandika zote mbili katika miaka ileile ya 1840.

*Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi, 1978, haina mzuka hata mmoja. Isome hata hivyo ukiwa na lile swali la ufunguo, ukimfuata mtumishi Kijakazi chumba hadi chumba.

Filamu hazitoshi?

Kwa Dracula na Frankenstein filamu hazikomi: *Nosferatu* mpya ilitoka 2024, *Frankenstein* ya Guillermo del Toro 2025. *Nosferatu* ya kwanza, ya 1922, ilitengenezwa bila ruhusa. Mjane wa Stoker alishitaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, baadhi zikaponyoka. Tazama zote. Ila filamu hukuonyesha jitu, na kitabu hukupa sauti yake, na katika *Frankenstein* sauti ndiyo kila kitu.

Nianze na kipi? Kiingereza chake ni kigumu.

Usianze na Walpole, ingawa ndiye wa kwanza. Anza na Poe, *The Tell-Tale Heart* ya 1843, kurasa chache tu, unamaliza ukisubiri daladala. Kisha *The Yellow Wallpaper*, kisha *Jekyll na Hyde*. Ukishazoea, *Frankenstein*. *Dracula* ni ndefu lakini nyepesi, kwa kuwa ni barua na shajara. *Udolpho* iache mpaka upate likizo.

Zote hizi haki zake za uchapishaji zimekwisha muda, hivyo zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na za kusikiliza kwenye tovuti ya LibriVox. Rhys na Morrison itabidi ununue au uazime.

Hakuna hata moja ya kuchekesha?

Ipo: *Northanger Abbey* ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya kifo chake. Catherine, msichana wa miaka 17 aliyelewa Radcliffe, anaalikwa kwenye nyumba iliyokuwa abasia, yaani makao ya watawa. Usiku wa dhoruba anakuta karatasi ndani ya kabati la zamani, mshumaa unazimika, anatetemeka hadi asubuhi. Kulipokucha anazisoma: ni hesabu za dobi. Mashati, soksi. Kisha anamshuku mwenye nyumba, Jenerali Tilney, kwamba alimuua mkewe, na anaaibika vibaya anapogundua hakumuua.

Muda mfupi baadaye jenerali anasikia kwamba Catherine hana utajiri aliodhani anao. Anamfukuza asubuhi mapema, peke yake, safari ya maili 70, bila mtumishi wa kumsindikiza. Nauli alipewa na binti wa jenerali, aliyekumbuka kumuuliza kama ana pesa.